Ushuhuda Una Mwenyewe

Mimi ni kinyozi. Msiponiamini katika mengine yote nitakayosema, niaminini katika hili, maana leseni imebandikwa ukutani. Duka langu lina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, mashine tatu nzima na moja ya kubahatisha, na chupa ya spiriti inayowatoa machozi wanaume wanaojifanya hawalii. Kichwani sina hata unywele, tangu nikiwa na miaka thelathini. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi Mungu alinirahisishia mapema. Mtaani wananiita Fundi Kipara, nami naitika.

Kazi hii humzoeza mtu kuongea kupitia kioo. Mteja ananiona kiooni, nami namwona kiooni, na kila mmoja anadhani ametazamana na mwenzake. Unaweza kumweleza mtu lolote kwa namna hiyo bila kuona haya. Nimewaambia wanaume kwamba wamependeza na huku nyuma nimewaharibu, ndiyo maana kioo kidogo cha kutazamia kisogo nilikipoteza na sijanunua kingine.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri nafunga duka, najifuta nywele za watu shingoni, navuka barabara na kuingia chumba cha nyuma cha kanisa letu. Huko nafundisha darasa la vijana, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Wengine niliowafundisha leo wana watoto ninaowanyoa. Nao wote, ukiwauliza wanakumbuka nini katika darasa langu, hawatakutajia mfano hata mmoja wa Yesu. Watakutajia ushuhuda wangu.

Kwetu ushuhuda ni mtu kusimama na kueleza Mungu alimtoa wapi. Kadiri alikotolewa kulivyo kubaya, ndivyo amina zinavyokuwa kubwa. Wangu ulikuwa hivi: nilikuwa mlevi. Nilimwibia mama yangu mzazi sufuria zake, moja baada ya nyingine, nikaziuza ninywe, mpaka siku moja akapika ugali kwenye bati la mafuta na hakunigombeza. Asubuhi moja nikazinduka mferejini, mbwa ananilamba uso, nikasikia sauti inaniita jina langu na kusema, "Inuka." Hapo nilikuwa nanyamaza kidogo. Nilijua kunyamaza. Wasichana walikuwa wanalia, na wavulana wanatazama dari wasionekane.

Sasa ukweli. Sijawahi kunywa pombe hata kizibo kimoja. Nikiwa kijana nilikuwa nalala saa mbili, na kila Ijumaa nafagia kanisa na mama yangu. Aliyeiba sufuria ni kaka yangu. Aliyelala mferejini ni kaka yangu. Mbwa nilimwongeza mimi, na sauti pia.

Haikuanza kwa nia mbaya, lakini najua kila mwongo husema hivyo. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa jambazi aliyeokoka, mwenye kovu kuanzia sikio hadi kidevu, na alipofundisha hata nzi walitulia. Alipohama, mchungaji akanipa darasa mimi, mfagia kanisa. Wiki ya kwanza niliwafundisha uvumilivu, wakapiga miayo. Wiki ya pili nikawasimulia habari za mtu fulani ninayemjua, mlevi, mwizi wa sufuria. Wakakaza macho. Nilipomaliza, msichana mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyo mtu ni wewe?" Nilipaswa kusema hapana. Neno fupi, hata mtoto wa mwaka mmoja analijua. Nikainamisha kichwa. Wakasema, "Amina." Toka siku hiyo nikawa mlevi niliyeokoka, na kila mwaka ulevi wangu ukaongezeka kidogo. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliubeba wa kaka yangu miaka yote hiyo bila hata bega kuuma.

Katika darasa la mwaka jana alikuwamo binti wa miaka kumi na sita tuliyemwita Karani, kwa sababu aliandika kila kitu. Nikikohoa, anaandika. Alilelewa na bibi yake, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa aliyewapokea duniani nusu ya vijana wa darasa langu na hakuwaacha wasahau. Karani alikuwa mtoto wa namna ambayo walimu wavivu huipenda, yaani hasumbui. Anakuja mapema, anapanga mabenchi, anajua aya. Nilimpa kazi na kumsahau.

Ilikuwa inakaribia Jumapili ya vijana, ambayo wao ndio huongoza ibada, na watatu hutoa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Nilimchagua Karani. Jumanne baada ya shule akaja dukani na sare yake, akasimama mlangoni. Duka lilikuwa limejaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ingia."

"Nasema hapahapa tu. Ile ya Jumapili siwezi."

"Unaogopa watu?"

"Watu siwaogopi. Sina ushuhuda."

"Kila mtu anao," nikasema, mashine mkononi.

"Mimi sina. Nimejaribu kuandika nimeshindwa. Nilizaliwa, nikapelekwa kanisani, nikaenda shule. Sijawahi kuiba. Bibi akinituma narudi. Sasa nikisimama niseme Mungu alinitoa wapi, mwalimu? Jikoni?"

Wateja wakacheka. Na mimi nina ugonjwa huu, kwamba kicheko kikianza dukani kwangu siwezi kukiacha kipite bila kukiongezea. Nikamtazama kiooni, wala sikugeuka. "Basi nenda kwanza ukatende dhambi moja ya maana," nikasema, "halafu uje tukupange."

Duka zima likavunjika mbavu. Mzee niliyekuwa namnyoa alicheka mpaka nikaondoa mashine nisimkate. Karani naye akatabasamu, akasema, "Sawa, mwalimu," akaondoka. Miaka kumi na tisa nafundisha vijana, na sikuwa nimejua kwamba mtoto mwenye adabu akiambiwa jambo na mwalimu wake, huenda akalifanya.

Ijumaa mchana bibi yake aliingia dukani bila hodi. Nilikuwa namchonga mtu mstari wa paji la uso. Akasimama kati yangu na kioo, na hapo nikalazimika kumtazama mwenyewe.

"Fundi, mjukuu wangu amelewa shuleni."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akanieleza. Karani alipata chupa ya pombe kali kutoka kwa mvulana wa kidato chake. Akaenda nyuma ya stoo saa ya chakula, akanywa nusu kwa kuziba pua, kama dawa. Kisha akarudi darasani kwenye jiografia, maana hakuwa mtoro, akatapika juu ya ramani ya dunia na viatu vya mwalimu. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi miwili. Sheria ya shule ile ni moja: pombe, unafukuzwa. Kamati ya nidhamu ingekaa Jumatatu.

"Wamemuuliza kwa nini," akasema bibi. "Anajibu alitaka tu. Fundi, huyu mtoto hajawahi kutaka tu hata sukari. Kuna kitu hasemi. Wewe ndiye mwalimu wake wa dini, njoo Jumatatu umsemee."

Mimi nilikijua kitu ambacho hakisemwi. Nilikijua pale pale. Yule mteja akatoka na mstari uliopanda upande mmoja. Sikumtoza.

Jumatatu nilivaa koti. Njiani nilijiapia kwamba nitasema ukweli, kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Ofisini walikuwamo mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu mwenye daftari jeusi, na mama mmoja mwakilishi wa wazazi. Karani alikaa kwenye kiti cha mbao akitazama viatu vyake. Hakuwa ametaja jina langu kwa mtu yeyote. Angefukuzwa shule bila kunitaja.

Nikasimama. Nikafungua kinywa. Na mkiniuliza mpaka leo sijui ilikuwaje, ila najua vizuri ilikuwaje: palikuwa na watu watatu wenye heshima wananitazama, na mimi nilikuwa na kitu kinachojulikana kufanya kazi. "Waheshimiwa," nikasema, "hata mimi nilikuwa mlevi."

Sikuwahi kuutoa vizuri hivyo. Sufuria zililia. Nilipofika kwenye bati la mafuta, mama mwakilishi alitafuta leso. Mbwa akanilamba, sauti ikaniita, nikanyamaza kwa kipimo changu, kisha nikasema, "Kama mtu angenifungia mlango siku ile, leo nisingesimama hapa." Mkuu wa shule akavua miwani. Wakatutoa nje dakika kumi, wakatuita tena. Karani atafagia uwanja wiki moja, kisha atarudi darasani na kufanya mtihani wake.

Bibi alinishika mikono yote miwili akanibariki, mimi na uzao wangu. Akatangulia kutafuta usafiri. Karani akabaki nami getini. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini uso umechangamka.

"Asante, mwalimu. Ile pombe ilikuwa mbaya sana. Nilidhani nakufa."

"Pole, binti yangu."

"Lakini sasa ninao."

"Unao nini?"

"Ushuhuda," akasema. "Nitautoa Jumapili. Si wa mferejini kama wako, lakini ni mwanzo."

Ni mwanzo. Nilirudi kwa miguu. Nilipita mbele ya duka langu mwenyewe bila kuliona, hadi muuza magazeti akaniita.

Mke wangu anapiga pasi kwa dobi, na akirudi nyumbani anapiga pasi nguo zetu. Ni mtu wa maneno machache. Nilimweleza yote nikiwa nimekaa kwenye kitanda nimeinamisha kipara changu, na pasi haikusimama.

"Baba watoto," akasema mwishowe, "mimi nakaa benchi la mwisho miaka kumi na tisa. Umewahi kunisikia nikisema amina ukifika mferejini?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Niliolewa na kijana aliyekuwa anasinzia saa mbili na kijiko mkononi. Ule ulevi uliufanya saa ngapi?"

"Mbona hukunikanya?"

"Nilikukanya mwaka wa kwanza. Ukaniambia ni kwa faida ya watoto." Akalikunja shati, akaliweka juu ya jingine. "Haya. Ndiyo faida hiyo."

Wiki ile nilinyoa watu kwa aibu, kama kuna namna hiyo ya kunyoa. Sikutania mtu. Kila aliyekaa kitini nilimwona anasubiri kunicheka. Aibu ya kuumbuliwa naijua, huja na kupita kama mvua ya ghafla. Hii haikuwa hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejua bado. Watu walikuwa wananisalimia kwa heshima zaidi, kwani habari za ofisini kwa mkuu wa shule zilishafika mtaani. "Fundi, umemwokoa yule mtoto!" Nikitabasamu, shavu linakauka.

Lakini Jumapili ilikuwa inakuja. Karani angesimama mbele ya kanisa zima na kueleza alivyokunywa, kwa furaha, na wadogo zake wa darasa wangesikiliza na kuhesabu kwa vidole wao watatenda nini. Kwa hiyo Jumamosi, vijana kumi na mmoja wakiwa kwenye mabenchi, nilifunga Biblia na kuwaambia. Sikupamba. Nilisema sijawahi kunywa, sijawahi kuiba sufuria, sijawahi kulala mferejini, na hakuna sauti.

Mvulana mmoja akacheka. "Mwalimu anatupima imani," akawaambia wenzake.

"Siwapimi. Nimewadanganya."

Karani alisimama taratibu. Kalamu ilikuwa mkononi lakini hakuwa anaandika.

"Hukunywa?"

"Sikunywa."

"Hata kidogo?"

"Hata kizibo."

"Mimi nilikunywa kweli, mwalimu." Hakupaza sauti. Angepaza ingenisaidia. "Wewe ulikuwa unasema tu. Mimi nilikunywa kweli."

Niliifungua Biblia tena, nikaifunga.

"Ule ushuhuda ni wa nani?" akauliza.

"Wa kaka yangu."

"Amekufa?"

"Yupo. Ni mwashi. Mwaka wa kumi na mbili huu hajagusa pombe."

"Anajua kwamba uliuchukua?"

"Hajui."

"Basi umrudishie. Una mwenyewe." Akachukua mkoba wake, akatoka, akauvuta mlango polepole usigonge. Hata akiwa na hasira ana adabu yule mtoto, na mimi ndiye niliyeitumia adabu yake vibaya.

Jumapili hakuja kanisani. Jumapili iliyofuata pia. Bibi yake akaja dukani, safari hii akabisha hodi, na hilo likaniuma zaidi.

"Ameniambia yote," akasema. "Anasoma, anakula, uwanja wao alishamaliza kuufagia. Ila habari za kanisa hataki kusikia. Anasema kama mwalimu alikuwa uongo, hajui na mengine ni nini." Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuombwa. "Fundi, mimi nimepokea watoto kwa mikono hii mpaka nikaacha kuhesabu. Furaha yetu wakunga ni neno moja: mzima. Hatutaki kisa, hatutaki maajabu, tunataka atoke mzima. Mjukuu wangu alikuwa mzima. Wewe ukamwambia uzima hautoshi."

Nililia mbele yake. Mteja aliyekuwa anasubiri akainuka akaenda kununua vocha ambayo hakuihitaji.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza nilichokifanya ofisini kwake, nikamwomba asimwadhibu mtoto kwa uongo wangu. Alinisikiliza akigeuza miwani mikononi. Alisema adhabu ya Karani imeshatolewa na imeshamalizika, wala hataifungua tena. Kisha akasema, "Mimi nilikulilia, kinyozi," akanionyesha mlango. Alikuwa mteja wangu. Siku hizi ananyolewa kwingine, na kwa kweli hawamnyoi vizuri, lakini mimi si mtu wa kumwambia hivyo.

Ikabaki safari moja, na ndiyo niliyoiogopa. Kati yangu na kaka yangu kuna siku moja ambayo hatuizungumzii. Nitaifikia. Kwa sababu ya siku hiyo tunakutana kwenye misiba na harusi tu, tunaulizana habari za watoto, tunasifu chakula, tunaagana. Nilimkuta kwenye ghorofa linalojengwa, anapiga lipu ukuta wa ngazi. Amenizidi miaka sita, na ana nywele zake zote. Aliponiona alishuka upesi na mwiko mkononi.

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Kaka, nimekukosea."

Nikamwambia pale pale, katikati ya mifuko ya saruji. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Wewe uliyelewa dawa ya kikohozi ukamwita mama 'mheshimiwa'?" Akafuta machozi kwa kiwiko. "Na mbwa? Mbwa umemtoa wapi?"

"Nilimwongeza."

"Mungu wangu." Kisha kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Akautazama mwiko wake, akaubandua saruji iliyoanza kukauka. "Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Miaka yote hiyo hujanialika kanisani kwenu hata siku moja. Nilidhani bado unanionea aibu."

Ningeweza kumkanusha, na angeniamini. "Hiyo pia," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. "Huyo binti anataka nini?"

"Anataka ushuhuda urudi kwa mwenyewe."

"Darasa saa ngapi?"

Nilipita kwa bibi kumwarifu. Karani alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nami nikasema kwa sauti kwamba Jumamosi kaka yangu mwenyewe atakuja. Nikasikia kurasa za kitabu zinafunguliwa, basi.

Jumamosi ile Karani alikuja wa mwisho. Akakaa benchi la karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Kaka alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mke wangu. Hajui kusimulia, maskini. Anaanza katikati, anarudi nyuma, anatazama mikono yake. Sauti yake ni ndogo hadi vijana wa nyuma wakaanza kusogeza mabenchi mbele, na Karani naye, kwa kuwa hakusikia, akahama benchi moja, kisha la pili.

"Sufuria ni kweli," akasema kaka. "Zilikuwa nne. Mferejini pia ni kweli. Ila hakukuwa na sauti. Kulikuwa na mama mmoja anamwaga maji ya vyombo, akanimwagia. Nikainuka. Akasema, 'Jamani samahani, nilidhani ni gunia.'" Vijana wakacheka, naye akacheka nao. "Aliomba radhi kwelikweli. Akanipa kitambaa nijifute. Nikawaza, huyu hanijui na ananiomba radhi. Basi. Siku hiyo sikunywa. Kesho yake nikanywa. Niliacha mara sita, watoto wangu. Ya saba ndiyo hii. Na kuna siku nikipita mahali, mkono bado unataka. Nasali nikiwa natembea. Sina sala nzuri. Nasema, 'Nivushe hapa.' Nikivuka, nasema asante."

Hakuna aliyelia wala kutazama dari. Walikuwa wanamtazama yeye. Mvulana yule aliyedhani nawapima imani aliuliza, kama mtu anayeuliza dawa, "Na kama hujawahi kuanza?"

"Basi ulishavushwa," akasema kaka. "Ungejua ningetoa nini nisiwe na mambo haya ya kusimulia."

Karani akainua mkono. "Mzee, na ndugu zako? Wakati ule walikusaidia?"

Kaka akanitazama. Hapakuwa na kioo. Alinitazama muda mfupi tu, kisha akawageukia vijana.

"Mdogo wangu huyu alikuwa na duka," akasema. "Alinisaidia sana."

Wangeamini. Wangenipenda tena kidogo. Nilisikia miguu yangu inasimama kabla sijaamua.

"Si kweli," nikasema. "Kaka anaongopa kwa ajili yangu. Hiyo siku ngoja niieleze mimi, ni yangu."

"Acha, mdogo wangu."

"Ni mwaka ule ule nilioanza kufundisha darasa hili," nikasema. "Duka lilikuwa jipya. Kitini nimemkalisha mzee wa kanisa, na watu wanne wanasubiri. Kaka akaingia. Ananuka, kiatu kimoja, ndevu mpaka hapa. Akasema, 'Mdogo wangu, ninyoe, nataka kwenda kumwona mama.' Watu wote wakanitazama. Mzee wa kanisa akaniuliza, 'Unamjua huyu?'"

Kaka alikuwa ameinama, anakwangua chokaa kwenye kucha.

"Ukajibuje?" akauliza Karani.

"Nikasema simjui. Nikasema walevi hawa humwita kila mtu ndugu." Nilitaka kuketi. Nilikuwa nimesema kwamba nimelala mferejini mbele ya mamia ya watoto bila kupepesa jicho, na haya maneno machache yakanishinda kumalizia.

"Halafu?" akasema Karani. Hakuwa na hasira usoni sasa, alitaka tu kujua. "Yeye akasema nini?"

Vijana kumi na mmoja walisubiri, na kaka yangu hakuinua kichwa.

"Alimtazama yule mzee wa kanisa, kisha mimi," nikasema, "akasema, 'Samahani, fundi. Nimekosea duka.'"